Kengele ya Mia na Ishirini

Biju amezipanga tatu juu ya kioo cha meza,
dukani kwake Wadi Kabir, kiyoyozi kinakohoa,
nami nimevaa miwani ya kusomea
nachagua kitambua-kamera kama mtu anayechagua papai:
nabonyeza, nasikiliza, narudisha.

Ya kwanza, riyali kumi na nane. Ndogo kama kisanduku cha wanja.
Haisemi, inalia tu, mita mia tano kabla ya kamera.
Ramani yake ni ya mwaka juzi.
"Na zile mpya za Bidbid?"
"Hizo, mzee, haizijui."
Basi hiyo ni shahidi aliyehama mtaa.

Ya pili ina skrini na mwanamke ndani yake
anayesema Kiarabu cha taarifa ya habari,
kila herufi imepigwa pasi.
Anajua Kiingereza, Kihindi, hata Kirusi.
Nikauliza Kiswahili. Biju akacheka, nami nikacheka,
lakini nilikuwa nimeuliza kweli:
nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukemewa akasikia
kwa lugha nyingine.

Ya tatu, thelathini na tano. Inazungumza na setilaiti,
inajisasisha usiku, gari limelala.
Inazijua za kwenye nguzo, za kwenye taa nyekundu,
na zile za kuhamahama, zinazochutama nyuma ya mapipa
kama watoto wanaocheza kujificha.
"Hii haina kosa, mzee. Binti yako halipi faini tena."

Maana ni ya binti yangu. Thuwaiba, muuguzi,
Ibra hadi Maskati, anatoka saa kumi na moja alfajiri.
Mwezi uliopita simu yake ilipokea faini sita,
akazisoma mezani kwa sauti, kama salamu za redioni.

"Na pasipo kamera," nikauliza, "inasema nini?"
"Pasipo kamera?"
"Ndiyo. Kwenye kona ya wadi, mvua imenyesha milimani.
Au ngamia amesimama katikati ya njia, anatafuna, hana haraka."
Biju akaishika, akaigeuza, akasoma mgongoni mwake.
"Hapo, mzee, hamna kamera."

Sikumwambia Biju kuwa nilikuwa fundi, Matrah,
miaka ile magari ya Ghuba yalipokuja na kengele:
ukivuka mia na ishirini, ting, ting, ting,
kijiko kwenye kikombe, mpaka upunguze.
Watu waliichukia. Waliniletea magari mapya kabisa,
nailoni bado iko kwenye viti.
Riyali moja na nusu. Nikilala chali chini ya dashibodi,
mkasi mara moja,
kimya.
Nilikuwa na mkono mwepesi. Nilisifiwa mpaka Sur.

Mmoja aliitwa Mahfudh bin Humud,
Kresida ya rangi ya maziwa, harusi yake Ijumaa.
Alinipa riyali mbili, akakataa chenji.
Jumatatu waliileta karakana juu ya lori.
Niliitambua kwa ile nailoni.

Nilichukua ya tatu, kwa thelathini na mbili.
Thuwaiba akaitazama: "Baba, simu yangu inafanya hayo hayo, bure."
Nikamwambia alete bisibisi.

Gari lilikuwa langu kabla halijawa lake.
Nilipofungua dashibodi nipitishe waya wa umeme,
nikaukuta ule mwingine, mweupe wenye mstari wa buluu,
umekatwa safi, utepe umekauka kama ganda la kitunguu.
Mkono ni wangu, naujua.
Nikazimenya ncha mbili, nikazisokota pamoja.
Sikusema kitu. Nilimrudishia bisibisi yake.

Saa mbili asubuhi akapiga simu toka hospitali.
"Baba, kitu chako kinafanya kazi, nimeona kamera zote.
Ila kuna kengine kinalia humo ndani. Hakuna kamera, kinalia tu."
"Njia nzima?"
"Hapana. Nikipunguza kinanyamaza."
Kimya kidogo; nyuma yake mtu anaita jina la mgonjwa.
"Unamjua fundi," akasema, "anayeweza kukikata?"